Usifute bima ya TRICARE Retired Reserve eti pensheni imeanza

Mdogo wangu, hiyo fomu ya kufuta TRICARE Retired Reserve, ile bima ya afya ya wanajeshi wa akiba wa Marekani waliostaafu lakini hawajafika miaka 60, usiitume. Kama umeshaituma, wapigie simu TRICARE leo.

Umeandika kwamba mwezi ujao unatimiza miaka 59, pensheni yako ya jeshi la akiba la Marekani inaanza mapema kwa sababu ulipelekwa Kuwait, na kwa hiyo unaachana na TRICARE Retired Reserve maana sasa wewe ni mstaafu kamili. Maneno hayohayo niliyasema mimi mwaka 2024, jikoni kwangu, mke wangu akinisikiliza. Nimesoma swali lako nikiwa kazini mikono ikanitetemeka.

Sheria ya 2008 iliteremsha umri wa pensheni. Kila siku 90 za kuitwa kazini baada ya tarehe 28 Januari 2008 zinakupunguzia miezi 3 kutoka miaka 60. Mimi nilikuwa na siku 360, nikapata mwaka mzima. Lakini sheria hiyo iligusa pensheni peke yake. Umri wa kupata matibabu ya mstaafu kamili haukusogea hata siku moja: ni 60, hata kama pensheni unaipokea tangu una miaka 58. Pensheni si bima. Liandike hilo ulibandike kwenye friji.

Najua kinachokuvuta, kwa sababu ndicho kilichonivuta mimi. Kwenye lile eneo la kijivu, yaani tangu utoke kikosini hadi utimize 60, ile Reserve Select ya bei nafuu, bima ya walio bado kikosini, imeshakwisha na hii Retired Reserve unailipia gharama yake yote mwenyewe. Mwaka ule, mimi na mke wangu tulikuwa tunatoa zaidi ya dola 1,400 kila mwezi. Halafu unasikia kwamba mstaafu aliyeingia jeshini kabla ya 2018 akifika 60, ada ya kujiunga na TRICARE Select, mpango wa bima hiyohiyo ya jeshi, mwaka 2024 haikufika dola 400 kwa mwaka mzima, yeye na familia yake. Nani asingekimbilia huko?

Nikakimbilia. Pensheni ya kwanza iliingia benki Machi, Aprili nikafuta bima. Sikupiga simu kuuliza TRICARE wenyewe. Nilimwamini sajini mmoja mstaafu wa kikundi chetu cha WhatsApp, mtu anayejibu kila swali kwa sauti ya uhakika, aliyeniambia, "Hundi ya pensheni ikianza na kadi ya matibabu inaanza, ndivyo ilivyo." Sivyo ilivyo! Yeye mwenyewe alianza pensheni akiwa na 60 kamili, kwa hiyo vyote viwili vilimwangukia siku moja akadhani ni kitu kimoja. Nilipomrudia na bili mkononi alinijibu kwamba kila mtu afanye utafiti wake. Mpaka leo sijamsamehe, na ninyi mnaopenda kujibu mambo ya bima kwa kukisia, muogopeni Mungu. Huko mnakokisia kuna mke wa mtu.

Juni, usiku wa manane, mke wangu akaamka akishika ubavu wa kulia, anatapika, jasho linamtiririka. Mawe kwenye nyongo. Chumba cha dharura, picha, upasuaji, kulala siku tatu. Karani aliingiza jina langu kwenye kompyuta, akaniangalia, akasema kwa upole kwamba haoni bima yoyote. Nikamwonyesha karatasi ya pensheni. Hebu fikiria, mtu mzima mwenye miaka 20 ya jeshi anamwonyesha karani hati ya malipo, akidhani itamtibu mkewe.

Bili ilikuja dola 38,400. Nikakimbilia Healthcare.gov, soko la bima la serikali, nikaambiwa kwamba aliyefuta bima kwa hiari yake hapewi dirisha maalumu la kujiunga. Nisubiri tarehe 1 Novemba kama wengine, na bima ianze Januari. Wewe ukifuta utaambiwa hivyohivyo. Kilichotuokoa kidogo ni fomu ya msaada wa kifedha, ambayo hospitali zisizo za faida zinalazimika kisheria kuwa nayo. Mke wangu ndiye aliyeijaza, akiwa bado na nyuzi tumboni. Walipunguza. Kilichobaki tunalipa dola 450 kila mwezi, na pensheni ile niliyoiringia inapita tu mkononi.

Sasa fanya hivi. Endelea kulipa mpaka utimize 60. Na hapo napo usidhani mambo yatajipanga yenyewe: hakikisha wewe na mkeo mko sawa kwenye DEERS, yaani daftari la jeshi la wanaostahili bima, kisha jiandikishe TRICARE Select au mwenzake, TRICARE Prime, ndani ya siku 90, maana hakuna anayekuandikisha. Usilegeze chochote cha zamani mpaka uone uthibitisho wa kipya wenye jina la mkeo na tarehe ya kuanza.

Uliuliza pia kama VA, ile idara ya serikali ya maveterani, watambeba mkeo. Kwa kawaida VA si bima ya familia. Ukistahili, wanakutibu wewe.

Ukipiga simu, uliza swali moja tu: "Tarehe ya matibabu yangu ni ipi?" Usitaje pensheni kabisa, wasije wakakuchanganya. Kisha rudi hapa uandike walichokujibu, nitakuwa nafungua ukurasa huu kila jioni.