Pengwini wanaoongea na wasioongea
Ndugu, umeuliza kwa nini nakala ya filamu uliyoona wewe ina pengwini wanaosema "mimi" na "sisi", na ya rafiki yako ina msimulizi mmoja tu. Ni filamu ile ile ya Kifaransa kuhusu maisha halisi ya pengwini, La Marche de l'empereur ya mwongozaji Luc Jacquet, ya mwaka 2005. Wafaransa waliwapa sauti baba, mama na kinda. Toleo la Marekani likaweka sauti ya msimulizi mmoja, mwigizaji Morgan Freeman, na muziki mwingine kabisa. Filamu ikachukua Oscar mwaka 2006.

Mimi napenda la Freeman, maana picha zenyewe zinasema. Tazama mama anapomkabidhi baba yai: miguu kwa miguu, taratibu, kwa sababu likikaa kidogo tu juu ya barafu limeganda, basi. Baba analifunika kwa mkunjo wa ngozi ya tumbo, anasimama nalo miezi miwili hivi, gizani, bila kula chochote. Kinda akianguliwa mama hajarudi kutoka baharini alikokwenda kula, baba huyo huyo mwenye njaa humtolea maziwa mazito kutoka kooni. Hapo machozi hunitoka kila mara.