Mkate walipewa, kura walinyimwa

SWALI: Shikamoo Mwalimu. Nimebishana na babu yangu, aliyekuwa balozi wa nyumba kumi huko Songea, kuhusu wanamaji wa Kronstadt, Urusi, walioasi serikali ya Lenin mwaka 1921. Babu anasema anayeinua bunduki dhidi ya serikali ya mapinduzi ni kibaraka tu, hata adai nini. Nami nimesoma kwamba waanakisti, wale wasiotaka watu watawaliwe na dola, wanawahesabu wanamaji hao kuwa wanamapinduzi wa kweli. Nani yuko sahihi? – Msomaji, Njombe

JIBU: Marahaba mwanangu. Babu yako amesema "hata adai nini", na hapo ndipo tunapoachana. Mimi huanza na walichodai.

Februari 1921 wafanyakazi wa Petrograd waligoma kwa sababu ya njaa, serikali ikawatawanya kwa askari. Wanamaji wa Kronstadt, ngome ya kisiwani karibu na mji huo, wakatuma wajumbe wakajionee. Tarehe 1 Machi watu wapatao 15,000 walikusanyika uwanjani, Kalinin mwenyewe, mkuu wa dola, akiwapo, wakapitisha azimio la hoja 15. Walitaka sovieti, yaani mabaraza ya wafanyakazi na wakulima, yachaguliwe upya kwa kura ya siri. Walitaka uhuru wa kusema kwa wafanyakazi, wakulima, waanakisti na wasoshalisti wa kushoto, wafungwa wa vyama vya kisoshalisti waachiwe, posho za chakula ziwe sawa. Hakuna hoja hata moja inayotaka mfalme arudi au mabepari warudishiwe viwanda.

Hoja moja inanigusa kuliko zote: vikosi vya vizuizi viondolewe barabarani. Vikosi hivyo viliwapekua watu waliotoka vijijini na chakula, na kuwanyang'anya.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 nilikuwa mtoto, nikisafiri na mama kutoka Kyela kuja Mbeya. Mama alikuwa ameficha mchele chini ya ndizi ndani ya tenga, maana kusafirisha nafaka bila kibali lilikuwa kosa. Kizuizini mlinzi hakupoteza muda kupangua ndizi. Alitoa bambo, kile chuma chembamba chenye mfereji, akakipitisha katikati ya mikungu. Alipokivuta, punje zilimwagika kwenye kiganja chake, nyeupe, nami nikasikia harufu ya mchele wetu. Ulibaki pale wote. Mama alikuwa na kadi ya chama na hakukosa mkutano wa tawi hata baada ya siku ile. Alichotaka kujua ni nani aliyepanga hivyo na wapi angemuuliza. Hakupata pa kuuliza. Ningemsikia mtu akimwita mama yangu kibaraka, tusingeelewana.

Sasa, waanakisti. Emma Goldman na Alexander Berkman walifukuzwa Marekani, wakafika Urusi Januari 1920 wakiwa na matumaini makubwa. Maasi yalipoanza walikuwa Petrograd. Tarehe 5 Machi wao na wenzao wawili waliwaandikia wakuu wa mji wakipendekeza iundwe tume ya watu watano, wawili wawe waanakisti, ikazungumze na wanamaji kwa amani. Mazungumzo hayakufanyika. Tarehe 7 mizinga ikaanza kulia, na tarehe 18, baada ya askari wa jemadari wa serikali, Tukhachevsky, kushambulia wakivuka barafu, ngome ikawa mikononi mwa serikali. Wanamaji na raia wapatao 8,000 walikimbilia Finland juu ya barafu hiyohiyo. Kabla ya mwaka kwisha Goldman na Berkman nao waliondoka Urusi.

Hoja yao haiishii kwenye ukatili wa Lenin au wa Trotsky, mkuu wa jeshi lake. Wanasema chama kikijifanya mwenye mapinduzi, anayekiuliza swali anageuka adui wa mapinduzi, hata akiwa ndiye aliyeyapigania. Kumbadilisha mkubwa hakutoshi. Madaraka yenyewe lazima yabaki kwenye baraza ambalo watu wanaweza kumwondoa mjumbe wao kesho asubuhi.

Babu naye ana lake la haki. Urusi ilikuwa imetoka kwenye miaka mitatu ya vita na majeshi ya kigeni, na barafu ingeyeyuka, ngome isingefikika kwa miguu tena. Hofu ya serikali haikuwa ya kubuni. Lakini mwombe anijibu hili: tarehe 15 Machi, mashambulizi ya mwisho yakiandaliwa, mkutano mkuu wa chama cha Lenin ulikubali kuacha kuwapokonya wakulima nafaka na badala yake watoe kodi ya mazao. Kama dai la chakula lilikuwa la vibaraka, mbona chama kilikiri kwamba unyang'anyi hauwezi kuendelea? Kilichokataliwa ni kura ya siri. Kwa hiyo kwangu waanakisti wameona sawasawa: vita ile ilihusu nani aamue.

Na kwa kuwa babu yako ni mtu wa Songea, mpe shikamoo yangu, kisha umuulize habari za Litowa. Vijana wa TANU walianzisha pale kijiji cha ujamaa kabla hata ya Azimio la Arusha, wakalima pamoja na kupanga mambo yao wenyewe, na vijiji vingine vikajiunga nao katika Jumuiya ya Maendeleo ya Ruvuma. Hawakushika bunduki. Septemba 1969 Kamati Kuu ya chama chao wenyewe ikaivunja jumuiya hiyo. Muulize watu walisema nini siku ile, uniandikie.