Babu alikuwa Keya: tumtafute wapi?

SWALI: Babu yetu mzaa baba alikuwa Keya (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki), akapigana Burma katika Vita Kuu ya Pili, akarudi. Ametuachia nyota ya rangi ya shaba, utepe wake wa buluu, nyekundu na rangi ya machungwa, lakini haina jina. Tutampata kwenye pensheni au sensa? (Msomaji, Temeke)

JIBU: Ndugu msomaji, sensa iwekeni kando. Za 1948 na 1957 zimetuachia idadi ya watu, si orodha ya majina ya kupekua. Pensheni nayo ni njia nyembamba. Askari wa kawaida wa Keya aliyerudi mzima alipewa kiinua mgongo cha mara moja, kwa cheo na muda wa utumishi. Malipo ya kuendelea yaliwahusu waliolemaa na wategemezi wa waliokufa. Kama babu hakuumia, hakuna faili la pensheni la kutafuta.

Tafuteni kwanza namba yake ya jeshi. Huwa kwenye cheti cha kuachishwa jeshi, kwa hiyo fungueni masanduku, hasa bahasha za hati za shamba na mirathi. Nakilini namba pamoja na herufi zinazoitangulia. Mkiziacha, mnaweza kuangukia askari wa nchi nyingine.

Nyota kukosa jina si kasoro. Medali za Waingereza za Vita Kuu ya Pili walizopewa askari wetu hazikuchongwa majina; za Vita ya Kwanza ndizo zenye jina ukingoni. Hiyo ni Nyota ya Burma, nayo inawapunguzia kazi: miongoni mwa batalioni za Tanganyika zilizokuwa huko 1944, katika Divisheni ya 11, ni ya 26 na ya 36. Shajara zao za vita ziko Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, London, fungu la WO 172. Mtasoma kikosi kilipita wapi siku kwa siku, ila majina humo karibu yote ni ya maofisa. Inauma, lakini ndivyo zilivyoandikwa.

Hapa Dar, nendeni Nyaraka za Taifa, Upanga. Ombeni mafaili na vitabu vya wilaya alikoandikishwa, hata kama alifia Temeke. Tafuteni kwa jina lake na la baba yake, maana la ukoo mara nyingi halikuandikwa, na jaribuni L badala ya R.

Orodha ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ni ya waliokufa tu. Mkikuta jina lake humo, huyo ni somo wake.