Vitufe vya F kwenye kibodi yako vipe kazi

Wiki hii kaka mmoja wa Nachingwea ameniandikia. Herufi A ya laptopu yake imekufa, neno lake la siri lina herufi hiyo, na fundi amemwambia asubiri kibodi nyingine itoke Kariakoo. Anauliza afanyeje kazi wakati anasubiri.

Njia ipo, kaka, na ni ya bure. Kuingia mara ya kwanza, tumia kibodi ya kwenye skrini. Windows inayo pale pale inapokudai neno la siri. Ukishaingia, pakua programu ndogo iitwayo SharpKeys. Bonyeza "Add", upande wa kushoto chagua kitufe usichokihitaji, tuseme F10, upande wa kulia chagua A, halafu bonyeza "Write to Registry" na uwashe kompyuta upya. Kuanzia hapo F10 ni A, hata kwenye neno la siri, kwa sababu badiliko limeandikwa ndani ya Windows yenyewe. PowerToys ya Microsoft nayo inabadilisha vitufe vizuri, ila huanza kazi ukishaingia, kwa hiyo shida yako haiimalizi.

Swali lake limenigusa kwa sababu hivyo vitufe vya F ndivyo vilivyoniweka mjini.

Nilianza kuchapa kama kibarua kwenye ofisi moja hapa Mtwara. Mkuu wangu alikuwa akisimama nyuma ya kiti changu na kunihimiza kwa sauti, wateja wakisikia. Siku aliyoniondoa alisema mikono yangu ni mizito, kazi ya kompyuta si yangu. Sijasahau. Mikono yangu haikuwa mizito hata kidogo. Nilikuwa naandika maneno yale yale kutwa nzima, anwani ile ile, kichwa cha barua kile kile, na hakuna aliyeona kwamba kazi hiyo kompyuta ingeweza kuifanya yenyewe.

Leo nina steshenari yangu Chikongola. Msimu wa korosho ukifunguliwa, wakulima wanakuja na mambo yao: jina limekosewa kwenye orodha ya malipo ya AMCOS, yaani chama cha ushirika cha wakulima, akaunti ya benki imebadilika, mzee amefariki na familia inafuatilia fedha zake. Kila barua ina habari yake katikati, lakini kichwa na mwisho havibadiliki. Basi F6 yangu inaandika anwani ya chama. F7 inaandika "YAH: MAOMBI YA KUREKEBISHIWA JINA KATIKA ORODHA YA MALIPO". F8 inamalizia na "Wako katika ujenzi wa Taifa". Muda ninaouokoa namsikiliza mtu vizuri, maana mkulima aliyekatwa jina anahitaji kusikilizwa kabla ya kuandikiwa. Msimu uliopita chama kimoja cha msingi kilinikabidhi kazi zake zote za kuchapa, na mashine yangu ni kuukuu ile ile niliyoinunua kwa mtu. Najivunia hilo.

Programu ninayotumia kwa maneno marefu ni AutoHotkey, nayo ni ya bure. Ukishaiweka, fungua Notepad, andika mstari kama huu, na uhifadhi faili kwa jina linaloishia na .ahk:

F8::SendText "Wako katika ujenzi wa Taifa"

Bofya faili mara mbili, nenda Word, bonyeza F8. Ukiona mistari ya mtandaoni inakataa, tazama toleo: toleo la 2, lililotoka Desemba 2022, lina sarufi tofauti na la 1, na mifano mingi iliyozagaa ni ya zamani. Ukitaka faili lijifungue kila asubuhi, bonyeza Windows na R, andika shell:startup, na uweke njia yake ya mkato (shortcut) humo.

Laptopu nyingi ukibonyeza F8 zinapandisha sauti au kugusa mwanga. Kuirudisha iwe F8 ya kawaida, jaribu Fn pamoja na Esc. Kwenye HP nyingi mpangilio huo unakaa BIOS, yaani ukurasa wa mipangilio unaofunguliwa kabla Windows haijawaka, kwa jina la Action Keys Mode.

Usivamie vitufe vyote. F2 inabadilisha jina la faili, F4 ndani ya Word inarudia tendo la mwisho, F12 inahifadhi kwa jina jipya. F9 iache kabisa kama unachapa ripoti za wanachuo, kwa sababu ndiyo inayosasisha orodha ya yaliyomo na namba zake za kurasa.

Na wadogo zangu mnaochapa kwa ajili ya watu, hili nalisema kwa uchungu. Nimeona kwenye kompyuta ya mtu kitufe kimoja kinamwaga namba ya NIDA ya mteja, kingine neno la siri la akaunti yake ya maombi ya ajira. Faili la .ahk ni maandishi matupu, yeyote anayefungua Notepad anayasoma. Mkulima amekuletea kitambulisho chake kwa sababu hana njia nyingine, na hiyo ni amana. Weka anwani, weka vichwa vya barua, weka salamu. Namba za watu ziandike kwa mkono kila mara, na kama unazo kwenye faili lako, zifute leo kabla hujafungua duka.