Jibu: Kuzunguka kreta (shimo la volkano) ya Mlima Longonot, Kenya, kwa siku moja, lita mbili za maji zinatosha?

Ndugu yangu, kuzunguka utaweza, ila maji hayo ni machache. Beba lita tatu au zaidi.

Mwaka jana tulipanga kufika ukingoni tu na kurudi. Kutoka lango la hifadhi hadi ukingoni ni kama kilomita tatu, tukafika tungali na nguvu, mwenzangu akasema tuzunguke. Mzunguko peke yake ni kilomita 7.2, halafu unateremka zile tatu za mwanzo, kwa hiyo jumla inapita 13. Hatukuwa tumepiga hesabu hiyo. Tena ukingo si tambarare: unapanda, unashuka, unapanda tena, mpaka Kilele Ngamia, sehemu ya juu kabisa, mita 2,776.

Kilichotumaliza ni vumbi la volkano. Mahali pengine njia imechimbika hadi ni mfereji mwembamba, unaweka mguu na unarudi nyuma nusu hatua. Kabla hatujamaliza mzunguko chupa zilikuwa tupu, na huko juu hakuna pa kuchota. Mwenzangu alianza kushikwa na misuli ya paja, tukawa tunasimama kila baada ya hatua chache. Wasichana wawili waliokuwa nyuma yetu walitugawia maji na chungwa moja. Nawaombea heri hadi leo.

Anza mapema, saa moja asubuhi uwe langoni. Ikifika saa saba mchana hujafika kileleni, rudi ulikotoka. Na vaa viatu vinavyofunika kifundo, hilo vumbi linaingia kila mahali.