Vidaka (nazi changa) kupukutika: usiue chungu maji moto, kagua shina kwanza

Ndugu yangu, umesema minazi yako Unguja inapukutisha vidaka na umeshauriwa upulize dawa uue chungu wote. Nakuomba usipulize. Chungu wa mnazini hawafanyi kazi moja: wapo maji moto, chungu wanaoshona viota vya majani juu ya miti, na hao ni walinzi wako.

Okota vidaka vilivyoanguka uvikague. Madoa meusi yaliyodidimia, mengine yamepasuka na kutoa utomvu, ni ya kunguni wa minazi, Pseudotheraptus wayi. Hudunga kidaka kichanga, na mate yake huozesha pale alipodunga. Mmoja au wawili kwa mnazi wanatosha kukutia hasara, ndiyo maana huwaoni. Lakini ukikuta baka jeupe la pembetatu linaloanzia chini ya vifuniko vya kitako, pale kidaka kinaposhikana na kikonyo, kisha likawa la kahawia na gumu kama gome, huyo ni utitiri wa nazi, mgeni kutoka Amerika. Kwa huyo maji moto hawasaidii, kwani hujificha wasikopenya.

Kunguni ndiye windo la maji moto, wanaozunguka kileleni mchana kutwa. Adui yao ni sisimizi wa vichwa vikubwa, Pheidole megacephala: hukaa shinani kwenye vichungu vya udongo laini, huwafukuza maji moto, na kunguni hawamshughulishi. Naye ni mwenyeji wa Afrika! Hawaii, ambako hapakuwa na chungu wa asili hata mmoja, ndiko alikoingia kama mgeni mharibifu. Kwa hiyo usiulize mdudu katoka wapi tu, uliza anafanya nini shambani.

Ukiwakuta shinani, anza nao. Weka chambo chenye haidrametilinoni, sumu ya kuulia chungu, kuzunguka shina, jioni, udongo ukiwa mkavu. Jua na mvua huiharibu. Hufanya kazi polepole, na hilo ndilo linalotakiwa: vibarua wakifa papo hapo, sumu haimfikii malkia.

Njia zao zikiwa tupu, bila sisimizi wapitao, hamisha maji moto kutoka mti walioko. Kata viota alfajiri, wengi wakiwa ndani, ufunge mfukoni. Chukua vyote vya mti huo, hasa vya juu, kwa sababu kundi zima kwa kawaida lina malkia mmoja na bila yeye litafifia. Hapa ndipo wengi hukosea: huchanganya viota vya makundi tofauti. Tia chungu wachache wa kila kiota kwenye chupa moja. Wakishikana na kuumana, si kundi moja, wapeleke miti iliyo mbalimbali. Kisha unganisha minazi ya kundi moja kwa kamba, wapite bila kushuka chini.

Panda michungwa, mipera au mikarafuu katikati, maana majani mapana huwafaa kushonea viota.

Na palizi usiifanye mpaka udongo ubaki mtupu. Fyeka tu. Majani yakiwepo, sisimizi wa vichwa vikubwa hupata chakula chini. Ukiyamaliza, hupanda juu kutafuta, na vita na maji moto huanza upya.