Kabla hujasema PS1 imezeeka, niambie umeiwasha kwenye TV gani

Wakuu, mleta mada anasema amenunua PS1 (PlayStation ya kwanza, mashine ya gemu) ya kumbukumbu, akaichomeka kwenye TV ya flati ya inchi 43, akacheza dakika 20 akazima. Hukumu yake ni kwamba Super Nintendo na PS2 bado zinachezeka, ila PS1 na Nintendo 64 zimeoza, na tulizipenda kwa sababu tulikuwa watoto. Wengi mmemuunga mkono. Mimi nakubaliana naye nusu. Nusu iliyobaki naipinga kwa nguvu zote, maana mashine hizi zimenikuza na mpaka leo nazifungua na kuzifunga.

Nimekulia Ngamiani, Tanga. Mjomba wangu alikuwa na banda la gemu, chumba kimoja cha mbele, TV nne za chogo zimepangwa ukutani na mabenchi mawili. Dakika 10 shilingi 100, na kwenye mpira anayefungwa anapisha. Mimi nikitoka shule kazi yangu ilikuwa kushika saa na kufuta sidii. Winning Eleven, gemu ya mpira, tuliyokuwa nayo ilikuwa ya Kijapani tupu. Hakuna aliyejua kusoma herufi moja, lakini mtoto wa darasa la tatu aliweza kupanga kikosi, kubadili mfumo na kuchagua uwanja kwa kuhesabu mistari tu: shuka mara tatu, duara, shuka mara moja, duara. Kwenye gemu za Kijapani duara ndiyo ilikuwa kukubali na X ndiyo kughairi. Zilipoanza kuingia za toleo la Ulaya, ambako X ndiyo kukubali, watu walivuruga vikosi wiki nzima.

Sasa turudi kwenye macho ya mleta mada. Mwaka jana mpwa wangu alinikuta nimewasha Tekken 3, gemu ya ngumi, kwenye flati ya sebuleni. Akasimama nyuma yangu kidogo, akauliza, "Mjomba, mbona wanatetemeka? Imeharibika?" Nikamwambia haijaharibika, hebu nisaidie kubeba ile TV ya stoo. Tukaitoa TV ya chogo ya inchi 21, tukaifuta vumbi, tukachomeka waya uleule wa AV, mashine ileile, sidii ileile. Akakaa kimya. Kisha akaomba pedi.

Si uchawi. PS1 ilitoka Japani Desemba 1994 ikiwa na RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya MB 2. Kila umbo la 3D ni pembetatu nyingi zilizounganishwa, na PS1 haina uwezo wa kuweka kona ya pembetatu katikati ya nukta mbili za skrini, lazima iangukie kwenye nukta kamili. Mtu akisogea taratibu, kona zinaruka kutoka nukta hii hadi ile. Huko ndiko kutetemeka alikokuona mpwa wangu. La pili, inapobandika picha juu ya pembetatu haizingatii kwamba upande mmoja uko mbali na mwingine uko karibu, ndiyo maana sakafu ya vigae inajikunja ukiikaribia. La tatu, rangi. Inatawanya vidoti vya rangi mbili ili jicho lione rangi ya tatu.

Mambo yote hayo waliyatengeneza wakijua yataonekana kwenye kioo cha chogo. Picha za PS1 nyingi ni nukta 320 kwa 240. Waya wa AV unayeyusha nukta moja ndani ya nyingine, kioo kinawaka kwa mistari, vidoti vinakuwa rangi laini na kuruka kwa kona kunafichika. Flati inafanya kinyume. Nyingi zinaipokea picha ile zikidhani ni nusu ya picha ya mistari ya kupishana, zinaichanganya, zinaivuta ijae inchi 43, na kazi yote hiyo inakula muda. Unabonyeza kupiga shuti, mguu unanyanyuka beki ameshafika. Halafu unasema gemu ni zito! Kama flati yako ina hali ya gemu kwenye mipangilio, iwashe, ucheleweshaji utapungua. Vile visanduku vya kugeuza AV kuwa HDMI havitoi picha ambayo haipo.

Hapohapo kuna jambo wengi hawalijui. TV za huku kwetu zilikuwa za mfumo wa PAL, kama Ulaya, picha inachorwa upya mara 50 kwa sekunde, za Japani na Marekani mara 60. Gemu nyingi za toleo la Ulaya zilitolewa bila kurekebishwa, zikawa zinakwenda pole kama asilimia 17. Mtu anawasha leo gemu lilelile la toleo la Ulaya anasema zamani tulikuwa wavumilivu. Tafuta la Kijapani au la Kimarekani, ulinganishe mwenyewe.

Nusu ninayokubaliana naye ni hii: gemu za 3D za mwanzo zimezeeka mikononi zaidi kuliko machoni. Pedi ya kwanza ya PS1 haikuwa na vijiti kabisa. DualShock, pedi yenye vijiti viwili, ilikuja mwishoni mwa 1997, na hata baada ya hapo gemu nyingi zilikuwa bado hazijajua kijiti cha kulia kifanye nini. Unazungusha mtu kama trekta, kamera inakwama nyuma ya ukuta, unakufa bila kumwona aliyekuua. Hilo TV ya chogo haiponyi. PS2 ndiyo iliyokuta mambo yametulia, kijiti cha kushoto kutembea, cha kulia kuangalia, na mtoto wa leo akipewa gemu ya GTA San Andreas haulizi kitu. Ila mpira na ngumi za PS1 zilikuwa na kamera ya pembeni, hazikuhitaji kijiti cha pili, na ndiyo maana bado ziko imara. Super Nintendo sina ubishi, gemu zake nyingi ni michoro ya nukta kwa nukta, hakuna pembetatu ya kutetemeka. Nintendo 64 namwachia mleta mada, ukungu wake hata kwenye chogo upo, kwa sababu sehemu ya kuhifadhi picha za kubandika ilikuwa KB 4 tu.

Kuna uzee mwingine ambao hakuna aliyeugusa kwenye uzi huu, nao ndio unaoniumiza: uzee wa mwili. Sisi wa pwani tuna hewa ya chumvi. Mwezi uliopita nilifungua PS2 nene iliyokaa miaka kadhaa nyumba ya Raskazone, karibu na maji. Bati la ndani lilikuwa limeota kutu ya rangi ya chungwa pembeni kote, skrubu mbili zikakatika vichwa, feni imeziba kwa vumbi lililoshikana kama sufi. Lenzi ilikuwa na utando kama wa jicho lenye mtoto. Pamba, spiriti, grisi mpya kwenye reli, ikasoma. Zile PS1 za banda, zilizowaka toka asubuhi mpaka saa nne usiku, tulifikia kuzicheza zimegeuzwa chini juu, maana reli ya plastiki inayobeba lenzi ilishalika na ukiigeuza ndipo inakaa sawa.

Wengi sasa wanacheza PS2 kwa flashi na memori kadi ya kubutia, yaani ya kuiwasha mashine isome gemu kutoka kwenye flashi, ili kuikwepa lenzi. Mimi pia ninayo. Jueni tu kwamba milango ya USB ya PS2 ni ile ya zamani, 1.1, kwa hiyo video za hadithi zinakatakata. Hilo si kosa la gemu.

Na kwa anayesema mpya daima zinazeeka vizuri: duka la mtandaoni la Wii, mashine ya Nintendo, lilifungwa Januari 2019, na la 3DS, ile yao ya mkononi, Machi 2023. Ambacho hukukinunua kabla huwezi kukinunua tena pale. Sidii ya mjomba yenye mikwaruzo haijawahi kumwomba mtu intaneti.

Kinachoisha sasa ni TV zenyewe. Hapa Tanga wanunuzi wa chuma chakavu wanapita mtaa kwa mtaa na mikokoteni, TV ya chogo wanaichukua kwa bei ya soda kwa ajili ya shaba ya koili. Juzi niliwahi moja ya inchi 29, nzuri, kioo safi, niliiona kwa mbali nikakimbia. Nilipofika walikuwa wameshaivunja shingo. Ninazo mbili tu nyumbani. Kama kuna mtu wa Tanga humu anayo inayokaa stoo na hataki kuitumia, tafadhali aniandikie kabla hajawaita wale wa mikokoteni, nitakuja kuibeba mwenyewe.